Hoteli A, Hoteli B, na Mlango wa Wafanyakazi

Jumapili, 8 Juni

Nimefika Toronto. Kiuno si changu. Idi nimeila mguu mmoja ndani mmoja nje — asubuhi kuswali Tanga, mchana basi la Dar, usiku hewani. Pilau nililofungiwa na dada'angu wamelichukua uwanja wa ndege, eti nyama hairuhusiwi kuingia. Nimelitazama likitumbukia pipani, karibu nilie, mtu mzima mie!

Hoteli A. Jina lake refu, na fomu niliyopewa inasema A na B, basi iwe A na B. Chini kasino, juu vyumba. Nimepangwa na Kawthar, mkunga wa Mombasa, mdogo wangu kwa miaka kumi na mbili, yeye kila kitu kwake kicheko. Dirisha halifunguki. Chooni hamna maji ya kujisafishia, karatasi tu. Nimetumia glasi ya kupigia mswaki. Yaishie hapa.

Jumatatu, 9 Juni

Kongamano la wakunga limeanza. Watu elfu na ushei, na hotuba ndefu kupita uchungu wa mtoto wa kwanza. Nimesinzia mara mbili, Kawthar amenifinya mara mbili.

Mutuma amepiga simu kutoka Nairobi kunikumbusha fomu. Yeye ndiye katibu wa muungano wetu. Kongamano litarudi hapa hapa miaka miwili ijayo, naye anataka kuleta wakunga sitini. Waandaaji wametoa hoteli mbili tu zenye punguzo, zote mbili za kasino. Kwa hiyo mie nilale A siku mbili, nihamie B, nilinganishe: vitanda, chakula, maji, mahali pa kuswali, wafanyakazi. Alama moja hadi kumi. Kanichagua kwa sababu nina jicho, anasema. Jicho ninalo. Miaka thelathini na nne wodi ya wazazi, hakuna shuka chafu lililonipita.

A, basi. Kitanda: nane. Chai: mbili, maji ya moto na uzi. Mayai ya unga! Bwawa la kuogelea lipo, sikwenda. Mahali pa kuswali hamna, tunaswali kati ya kitanda na televisheni. Ila lifti inakushusha moja kwa moja mapokezi, kasino huioni, unaisikia tu kengele zake kwa mbali. Wafanyakazi: nne. Wanatabasamu huku wanatazama saa.

Jua linatua saa tatu usiku. Nasubiri magharibi mpaka naota.

Jumanne, 10 Juni

Tumehamia B. Chumba kizuri, siwezi kusema uongo. Kitanda tisa. Taulo nzito, birika, dirisha linaloonyesha barabara kuu na magari yasiyokwisha.

Lakini hee! Kutoka kwenye lifti kwenda kula, au kwenda kwenye basi la kongamano, njia ni moja tu: katikati ya ukumbi wa kamari. Hakuna kuzunguka. Nimeuliza mapokezi, wakasema ndivyo jengo lilivyo. Nimepita na mtandio machoni. Mashine zinalia, taa zinakonyeza, na mbele yake wamekaa vibibi wa umri wangu, mikoba mapajani, macho hayapepesi. Saa moja asubuhi! Mmoja amevua viatu kabisa. Nimehiji mie mwaka juzi, nimerudi na udhu wangu, halafu kila nikitaka chai nipite humo? Nimerudi chumbani sijala, nikabaki nagomba peke yangu kwa Kiswahili.

Kumbe mtu ananisikia. Kijana anayesafisha vyumba vya ghorofa yetu, kasimama mlangoni na taulo mkononi, anacheka kwa adabu. "Mama anatoka Tanzania?" Josaphat, wa Bukavu. Nilitaka kumkumbatia. Nikamweleza la chooni pia, maana ukishaanza kulalamika kwa lugha yako huachi. Kaenda, karudi na kopo la plastiki lenye mdomo mrefu, la kumwagilia maua. Jipya kabisa. Wallahi, zawadi bora niliyopata mwaka huu.

Nikaona lifti ya wafanyakazi mwisho wa korido. Nikamuuliza inatokea wapi. Akasema jikoni, karibu na chumba cha kulia, lakini wageni hawapiti. Nikamwomba. Akasema hapana, mama, haiwezekani. Nikamwomba tena. Akasema ile korido iko nyuma ya kasino, inalindwa. Mara ya tatu nikamwambia: nakuomba kama mama yako aliyekuzaa. Akatazama chini, akasema sawa, kesho.

Nimelala na furaha.

Jumatano, 11 Juni

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi kanigongea. Kadi yake, lifti, korido ndefu nyeupe, mlango, na hapo nikaona meza ya matunda. Dakika mbili tu. Sikuona mashine hata moja.

Chai ya B: sita. Wana maziwa ya kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Tena dakika arobaini. Tukiwa kwenye lifti kanieleza mambo yake. Miaka minne kambi ya wakimbizi Tanzania, huko ndiko alikoukunja ulimi wake ukafanana na wetu kidogo. Hapa alihangaika mwaka na nusu bila kazi. Hii ya B ndiyo ya kwanza, na bado yuko kwenye majaribio, zimebaki wiki mbili wampe ya kudumu. Mkewe Mapendo ana mimba ya miezi minane, miguu inavimba. Nikahofia kifafa cha mimba, nikamuuliza: uso nao? Mikono? Anaona vimulimuli machoni? Akasema hapana, miguu tu. Kanipa namba yake ya simu, nitampigia nijue hali ya mkewe.

Kwenye korido anatembea upesi. Leo ameinua macho mara mbili kuitazama kamera. Nimeona.

Mada ya leo kuhusu kutokwa damu baada ya kujifungua ilikuwa nzuri mno. Nimeandika kurasa saba.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi tumepita tena, kisha nimeijaza fomu. Saa nzima, na kamusi ya simu. B imeshinda, na imeshinda kwa kitu kimoja. Kitanda A nane, B tisa. Maji A sifuri, B — kwa sababu ya kopo — saba. Kupita kasino: nilitaka kuipa B alama moja, lakini nikaandika kumi, na maelezo chini. Wafanyakazi: kumi. Ningeweza ningeandika kumi na moja.

Nanakili maneno yangu hapa, nimeyapenda: "Mfanyakazi Josaphat, bila kuombwa, hunipitisha kila asubuhi saa kumi na mbili na dakika arobaini kwa lifti ya wafanyakazi, kwa kadi yake mwenyewe, ili nisipite ukumbi wa kamari. Sijawahi kuona moyo kama huu katika hoteli yoyote."

Kwa Kiingereza imekaa vizuri zaidi. Hilo la kutoombwa nimeongeza chumvi, lakini sifa isiyotiwa chumvi haina ladha.

Kawthar kaisoma juu ya bega langu. Mara hii hakucheka. "Dada, jina la mtu usilitie. Andika mfanyakazi mmoja, inatosha." Nikamwambia yeye alifundishwa wapi? Mie nilifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Dawa uliyotoa hukuiandika, hukuitoa. Mapigo ya moyo ya mtoto uliyasikia hukuyaandika, hukuyasikia. Jina, saa, dakika. Kijana anasafisha vyoo vya watu usiku na mchana, hakuna anayemwandika popote. Wacha mie nimwandike! Akasema haya, mkubwa ni wewe.

Nakala moja nimempigia picha Mutuma. Nyingine nimeshuka nayo mwenyewe, nimepita humo humo kwenye mashine kwa hiari yangu, nikaikabidhi mapokezi. Nimewaambia wampe mkubwa wao. Binti wa mapokezi kaisoma, kaniangalia, kaisoma tena. Akasema ahsante.

Mutuma kajibu usiku: safi sana, B ndiyo, ameshawaandikia kuwa tutaleta sitini.

Jumamosi, 14 Juni

Dakika arobaini, hakuna mtu. Arobaini na tano. Hamsini. Nikafungua mlango, nikamkuta mama mwingine wa usafi, Mfilipino, hajui kitu, au hataki kujua. Nikasema labda mkewe ameshikwa na uchungu. Nikawa najisikia vizuri, nafikiria nimpigie.

Saa tatu simu ya chumbani. Meneja wa huduma kwa wageni, anaitwa Carla, anaomba tuonane kidogo ofisini kwake. Nikavaa baibui zuri. Nikamwambia Kawthar: unaona? Wanataka kumpa zawadi, wanataka shahidi.

Ee Mola. Hebu niandike polepole.

Carla alikuwa mpole. Kahawa mezani, fomu yangu mezani, nimeitambua kwa wino. Pembeni kakaa mwanamume wa ulinzi, hakusema jina lake. Carla akauliza haya niliyoandika ni sahihi? Nikasema sahihi kabisa. Kila asubuhi? Asubuhi tatu, saa hiyo hiyo. Kwa kadi yake? Kwa kadi yake. Hukumwomba? Na mie nikatabasamu. Nikasema: hapana, ni moyo wake tu.

Yule wa ulinzi akaandika.

Ndipo Carla akanieleza, kwa sauti ya kumwambia mtu matokeo ya kipimo. Korido ile inapita nyuma ya chumba wanakohifadhia fedha za kasino. Mgeni kuipita hata mara moja ni kosa kubwa. Mfanyakazi kumpitisha mgeni kwa kadi yake bila sababu ni kuachishwa. Kama mgeni ni mgonjwa, au amepotea, au kuna dharura, hapo inatazamwa vingine. Lakini mtu anayepitisha wageni kwa kupenda kwake, bila kuombwa, asubuhi tatu mfululizo — huyo hawajui kesho atampitisha nani. Josaphat amesimamishwa tangu jana usiku. Jumatatu saa nne kikao.

Nikasema si hivyo, si hivyo, Kiingereza chote kikanitoka. Akanipa maji. Akaniomba radhi kwa usumbufu! Akasema hoteli itafurahi kunipa chakula cha jioni bila malipo.

Sijala. Shukrani ya punda ni mateke, na punda ni mie.

Nimempigia Josaphat mara sita. Haipokelewi. Nimempigia Mutuma, nikamwambia awaandikie B tunajitoa. Akasema, Bi Ruqayyah, hayo ni mambo ya hoteli na watu wake, na wewe mwenyewe ndiye uliyewapa kumi.

Jumapili, 15 Juni

Kapokea asubuhi. Hakuwa na hasira. Nilimwambia nakuja, akasema karibu, mama, nikapewa namba ya jengo. Etobicoke, magharibi mwa jiji, maghorofa matatu yamepangana, nguo kwenye roshani, chini duka la Wasomali lenye maandazi na simu za mkono. Kawthar kanisindikiza. Mabasi mawili na mguu. Njia nzima hakusema "nilikwambia". Bora angesema.

Ghorofa ya tisa. Mapendo katufungulia, tumbo mbele, kitenge kipya kabisa, nadhani kakivaa kwa ajili yetu. Nyumba inanukia samaki na sombe, kisamvu chao. Ametupikia! Mtu niliyemkatia riziki mumewe ametupikia. Kanishika mikono miwili: "Mama, aksanti sana. Huku hakuna mutu alishaka kutusifu." Kwamba hakuna aliyewahi kuwasifu, na amesema kwa dhati. Sikuona kejeli hata tone, na nimeitafuta.

Nikamlaza kochini nikampapasa. Kichwa kimeshashuka. Wiki tatu, labda mbili. Mapigo ya mtoto mazuri, nimeweka sikio kama zamani, sina kifaa. Miguu imevimba lakini uso haujavimba. Nikamwambia ukweli huo, ndio ukweli pekee niliokuwa nao wa kumpa.

Halafu tukakaa na Josaphat. Nikamwambia kesho nitasema nilikuomba, nilikuomba mara tatu, nilikulazimisha, ndivyo ilivyokuwa. Wewe umewaambia hivyo?

Akatazama chini, kama siku ile.

"Waliniuliza, huyu mama alikuomba? Nikasema hapana, hakuniomba."

Nikamuuliza kwa nini, mwanangu? Kwa nini?

"Karatasi ya mama inasema hivyo. Mimi niwaambie mama yangu anadanganya?"

Kawthar akainuka akaenda kusimama dirishani. Kijana alikuwa na njia ya kutokea, moja, ya kweli, na akaifunga kwa heshima yangu. Kwa chumvi yangu! Nilikwenda kwa watu wanaoamini karatasi kuliko mtu, na nikamponza kijana aliyeweka neno la mtu mzima mbele ya riziki yake mwenyewe.

Tulikula. Ilibidi. Samaki mtamu. Wakati wa kutoka Mapendo akaniomba jina, la mtoto akiwa wa kike. Nikasema msimpe langu. Akadhani natania.

Majuto mjukuu, husema. Wangu kafika kabla ya siku zake.

Jumatatu, 16 Juni

Sikulala. Nimeandika barua mpya, Kawthar kanisahihishia Kiingereza. Nimesema: nilimwomba Josaphat. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwomba kwa jina la mama yake, na kwetu kijana aliyelelewa hawezi kumkatalia mtu mzima aliyesema hivyo. Maneno "bila kuombwa" niliyaongeza mimi ili kumsifu. Ni ya uongo. Yeye aliyakubali ili asinivunjie heshima. Nimeandika saa, nimeandika tarehe, nimetia sahihi.

Miaka thelathini na nne sijafuta neno kwenye chati. Binti mmoja, mwanafunzi wangu, Zarina, aliwahi kuniomba nibadilishe saa moja tu kwenye karatasi, asifukuzwe. Nilikataa. Niliona fahari. Leo nimemkumbuka njiani kutoka kwenye lifti, katikati ya zile mashine, na nimesimama hapo hapo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Saa nne kasorobo. Naandika hapa kwenye kiti cha korido, nje ya ofisi. Mkoba wangu uko miguuni, gari la uwanja wa ndege linakuja saa nne na nusu, Kawthar yuko chini analisubiri. Josaphat kakaa mkabala nami. Amevaa suti, mikono inampita kidogo, labda ya kuazima. Kanyoa. Nilimwonyesha barua, akaisoma hadi mwisho, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema mama ungeiacha tu. Nikamwambia wakikuuliza leo sema kweli, hata ikinivunja.

Saa nne na dakika kumi. Carla katoka, kachukua barua, kaingia nayo. Kupitia kioo nawaona watatu: yeye, yule wa ulinzi, na mwanamke mwenye miwani. Wamezilaza karatasi zangu mbili mezani, ya Ijumaa na ya leo, ubavu kwa ubavu. Mwandiko mmoja. Wanaangalia hii, wanaangalia ile.

Carla katoka tena. Kauliza swali moja, hakuketi. "Bi Ruqayyah, zote mbili umetia sahihi wewe. Kwa nini tuiamini hii ya pili?"

Nikasema kwa sababu hii inaniaibisha. Akasema tafadhali subiri.

Saa nne na dakika ishirini na tano. Kawthar anapiga, sipokei. Gari liende.

Wanaita. Jina langu, si lake. Natafuta mkoba, natafuta kalamu — na Josaphat kashainuka, kavuka korido, kanishikia mlango.